Kuchagua Risasi za Raifo: Za Kulengea Shabaha na za Kuwindia

Kwa Kiswahili neno risasi lina kazi tatu. Ni yale madini laini, mazito, ya rangi ya kijivu. Ni kile kipande kinachotoka mtutuni na kwenda kugonga. Na ni kitu kizima unachonunua sandukuni, kikiwa na ganda na baruti yake. Katika maongezi ya kawaida hakuna anayepotea, lakini mbele ya kaunta ya muuzaji silaha utata huo huwagharimu watu, nikiwemo mimi mwenyewe. Kwa hiyo katika mwongozo huu risasi ni kile kitu kizima, kichwa ni kipande kinachoruka, na madini nitayaita madini ya risasi. Sehemu nyingine za risasi ni ganda, ambalo mara nyingi ni la shaba ya njano, baruti iliyomo ndani yake, na kiwashio kidogo kilichoko kwenye tako, ambacho hupigwa na pini ya bunduki na kuwasha baruti.

Wengi wanaoanza hudhani kwamba risasi ya kuwindia ni ile yenye nguvu zaidi na ya shabaha ni ile ya bei nafuu. Ukweli ni kwamba katika kaliba moja (yaani saizi moja ya mtutu na risasi yake) zote mbili zinaweza kuwa na baruti inayokaribiana na kasi inayokaribiana, na mara nyingine ile ya shabaha ndiyo ghali. Kinachozitenganisha ni kichwa, na hasa kile kinachokipata kichwa hicho baada ya kugusa kitu. Cha shabaha kazi yake inakwisha kikishatoboa karatasi mahali kilipoelekezwa. Cha kuwindia, kikigusa ngozi ya mnyama, ndipo kazi yake inapoanza.

Hatua ya kwanza: Soma leseni, mtutu na tako la ganda

Tanzania silaha na risasi zinasimamiwa na Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015. Risasi hununuliwa kwa muuzaji mwenye kibali, kwa kuonyesha leseni ya silaha husika. Anayekwenda kuwinda anahitaji pia leseni ya uwindaji chini ya Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori Na. 5 ya mwaka 2009, na leseni hiyo hutaja mnyama gani na wangapi. Maliza mambo hayo kabla ya kufikiria aina ya risasi, kwa sababu mnyama aliyeandikwa kwenye leseni ndiye atakayekuamulia nusu ya maswali yanayofuata.

Baada ya hapo tazama mtutu. Karibu na chemba, yaani sehemu ya nyuma ya mtutu risasi inapokaa, kumechorwa jina kamili la risasi inayotumika, na jina hilo lazima lifanane, herufi kwa herufi na namba kwa namba, na maandishi yaliyozunguka kiwashio kwenye tako la ganda. Usikubali maelezo ya mdomo. Mtu akisema ana "thelathini" anaweza kumaanisha .30-06 Springfield ya mwaka 1906, au .308 Winchester ya mwaka 1952, au .300 Winchester Magnum, na zote tatu zina kichwa cha kipenyo kilekile cha milimita 7.82. Maganda yake ndiyo yanayotofautiana: la .308 lina urefu wa milimita 51, na la .30-06 lina milimita 63. Risasi fupi inaweza kuingia katika chemba ndefu na hata kulipuka, ganda likapasuka na gesi ya moto ikarudi usoni mwa mpigaji. Hata jozi inayofanana sana, yaani .308 Winchester na risasi ya kijeshi ya 7.62×51, hutengenezwa kwa vipimo visivyolingana kabisa, na kijitabu cha bunduki yako ndicho cha kukuambia kama inaruhusu zote mbili.

Mimi huchukua risasi moja kutoka kila sanduku ninalonunua, naigeuza kwenye mwanga na kusoma tako lake pale pale dukani. Inachukua sekunde kumi. Muuzaji mzoefu hakasiriki, na akikasirika duka lipo jingine.

Hatua ya pili: Amua kazi, kisha angalia kama kaliba yako inaitosha

Kwa shabaha, kaliba ndogo ndiyo mwalimu bora. Risasi ya .22 LR, iliyoanza kutengenezwa mwaka 1887, ina kichwa cha gramu 2.6 tu, haina teke (ule msukumo wa bunduki begani), kelele yake ni ndogo, na sanduku lake la kawaida lina risasi 50. Ndiyo inayotumika katika mashindano ya Olimpiki ya mita 50, ambako duara la alama kumi lina kipenyo cha milimita 10.4, yaani dogo kuliko ukucha wa kidole gumba. Anayeishi Dar es Salaam na kupata nafasi ya kwenda renji, yaani uwanja wa kulengea shabaha, mara moja kwa mwezi atajifunza zaidi kwa masanduku mawili ya .22 kuliko kwa risasi ishirini za kaliba kubwa, ambazo kuanzia ya kumi humfanya afumbe macho kabla hajafyatua.

Katika .22 kuna uchaguzi mmoja unaowachanganya watu: ya kasi kubwa au ya kasi ya kawaida. Sauti katika hewa yetu yenye nyuzi joto 32 husafiri karibu mita 350 kwa sekunde. Ile ya kasi kubwa hutoka mtutuni ikiwa juu ya hapo, kama mita 380 kwa sekunde, kisha inapunguza mwendo na kuvuka kasi ya sauti ikiwa njiani, na mtikisiko wa kuvuka huko hukisumbua kichwa. Ile ya kasi ya kawaida hutoka ikiwa tayari chini ya kasi ya sauti na kubaki hapo mpaka kwenye karatasi. Ndiyo maana risasi za mashindano za .22 ni za mwendo wa pole.

Kwa kuwinda, kaliba hufuata mnyama. Swala pala dume ana kilo 60 hivi, na .308 au 7×57 inamtosha bila wasiwasi. Kongoni, nyumbu na tandala ni wanyama wagumu zaidi, lakini kaliba hizohizo zinawaweza zikiwa na kichwa kizito kilichotengenezwa vizuri. Pofu dume anaweza kupita kilo 700, na hapo ningependa kitu kikubwa zaidi. Kwa nyati, wawindaji bingwa wa Afrika Mashariki na Kusini huhesabu .375 H&H Magnum, iliyotoka London mwaka 1912, kuwa mwanzo wa ngazi. Nguvu yake mdomoni mwa mtutu ni kama jouli 5,700 ikilinganishwa na 3,500 hivi za .308, na kichwa chake cha gramu 19.4 ni kirefu na kizito kiasi cha kuendelea kwenda ndani baada ya kukutana na mfupa. Ipo pia 9.3×62, aliyoibuni Otto Bock wa Berlin mwaka 1905 kwa ajili ya watu waliokuwa wakienda makoloni ya Afrika, ikiwemo nchi yetu ya wakati ule. Bado ni risasi nzuri sana, na teke lake ni la kistaarabu kuliko la .375.

Hatua ya tatu: Chagua kichwa

Hapa ndipo penye mambo yote, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Kichwa cha kawaida cha mazoezi kina gamba zima la shaba lililofunika madini ya risasi kuanzia ncha mpaka pembeni, na mara nyingi madini huonekana kwenye kitako tu. Ni cha asili ya kijeshi. Azimio la The Hague la mwaka 1899 lilipiga marufuku vichwa vinavyochanua mwilini katika vita kati ya mataifa yaliyolitia saini, na tangu hapo majeshi yamekuwa yakitumia vyenye gamba zima. Kwa mazoezi ya karatasi kinafaa, kwa sababu ni cha bei nafuu na hakikwami kwenye magazini, ingawa kwa usahihi si bingwa. Kwa mnyama ni kibaya. Kinapita moja kwa moja, kinaacha tundu jembamba kama penseli kuingia na kutoka, na mnyama anakimbia.

Hili nalijua kwa uchungu. Katika safari yangu ya kwanza nilikuwa nimeomba dukani "risasi za .308" bila kusema neno la ziada, nikapewa sanduku, nikalipa, nikaondoka. Asubuhi ya siku ya pili nilimpiga swala pala nyuma ya bega, kwa umbali wa mita 90 hivi, mahali hasa nilipokusudia. Alishtuka, akaruka, akaingia vichakani. Tulimfuata kwa saa tatu kwenye nyasi kavu. Matone yalikuwa machache na yametengana hatua kumi na tano, wakati mwingine ishirini. Tulipomkuta alikuwa amelala lakini shingo bado iko juu. Mzee aliyekuwa akitufuatia nyayo aligeuza ubavu, akaweka ncha ya kidole chake kidogo kwenye tundu la kutokea, kidole kikaziba tundu lote. Hakunilaumu. Aliomba tu kuona sanduku, akatazama ncha moja inayong'aa, akasema, "Mwanangu, hii ni ya askari."

Alichotaka kuona ni softi, kama wawindaji wanavyoiita, yaani kichwa chenye ncha laini. Gamba la shaba limeishia kabla ya ncha na madini ya risasi yametokeza. Kikigusa mwili ncha hubonyea, gamba hurudi nyuma na kichwa huchanua kama uyoga, mara nyingi kufikia karibu mara mbili ya kipenyo chake. Tundu linakuwa pana, damu inatoka haraka, na mnyama anaanguka karibu. Hasara ya softi ya kawaida ni kwamba kwa umbali mfupi na kasi kubwa, hasa ikikutana na mfupa wa bega, inaweza kuchanua mapema mno na kupasukapasuka kabla ya kufika ndani. Viwanda vimepambana na tatizo hilo kwa njia tatu. Njia ya kwanza ni kuweka ukuta wa shaba katikati ya kichwa, ili nusu ya mbele ichanue na nusu ya nyuma ibaki nzima. John Nosler wa Marekani ndiye aliyeanza kuuza vichwa vya namna hiyo mwaka 1948. Njia ya pili ni kuunganisha madini na gamba lake ili visiachane. Njia ya tatu ni kuacha kabisa madini ya risasi na kutengeneza kichwa kizima cha shaba chenye tundu kwenye ncha, kinachofunguka kama petali.

Kwa anayewinda kwa ajili ya kitoweo, njia hiyo ya tatu ina faida moja isiyohusu bunduki. Kichwa cha madini ya risasi kinapopasuka huacha chembe ndogo nyamani, nyingine ndogo kiasi kwamba huzioni wala huzisikii mdomoni, na madini hayo ni sumu, hasa kwa watoto. Ukitumia softi, kata na kutupa nyama yote iliyozunguka tundu kwa upana wa kiganja na zaidi.

Sasa kichwa cha mashindano. Ukikitazama kina tundu dogo kwenye ncha, na hapo ndipo wengi hukosea, wakidhani ni tundu la kuchanulia. Tundu hilo limebaki tu kwa sababu ya namna kinavyotengenezwa: gamba lake huvutwa kutoka kitakoni kuelekea nchani, ili kitako, ambacho ndicho kinachosukumwa na gesi na ambacho kasoro yake ndogo huharibu mwelekeo, kiwe kamili na bila mshono. Nchani panabaki tundu, na halidhuru kitu. Kichwa cha namna hii, kwa mfano cha .308 chenye greini 168, sawa na gramu 10.9, kinaweza kuweka matundu matano ndani ya eneo la sarafu ya shilingi mia tano kwa mita 100. Kikipigwa mnyama hakitabiriki: leo kinapasuka juu ya ubavu, kesho kinapita kama sindano. Usahihi wake usikushawishi.

Kinyume cha softi ni solidi, kichwa cha shaba tupu au chenye gamba nene lililoimarishwa kwa chuma, ambacho hakichanui kwa makusudi. Ni cha tembo, na kwa wawindaji wengi ni cha risasi ya pili na ya tatu kwa nyati, baada ya ya kwanza kuwa softi iliyo imara. Hakifanani na kile cha mazoezi chenye gamba zima, hata kama kwa macho vinakaribiana. Cha mazoezi kinaweza kupinda au kuvunjika kwenye mfupa mnene. Solidi ina hatari yake pia: inaweza kumpita nyati mmoja na kumjeruhi aliyesimama nyuma yake, kwa hiyo haipigwi kwenye kundi lililosongamana.

Hatua ya nne: Linganisha uzito na mzunguko wa mtutu

Ndani ya mtutu wa raifo kuna mifuo inayokizungusha kichwa ili kisipinduke hewani. Baadhi ya mitutu humaliza mzunguko mmoja ndani ya inchi 12, mingine inchi 10, mingine 7. Kichwa kirefu, ambacho kwa kawaida ndicho kizito, huhitaji mzunguko wa haraka zaidi. Mtutu wa .223 wenye mzunguko wa inchi 12 hupiga vizuri vichwa vya greini 55, lakini ukiupa vya greini 77 utaona matundu ya karatasini yamekuwa marefu kama ya funguo, maana yake kichwa kimefika kikiwa kimelala ubavu. Kama namba haijaandikwa kwenye mtutu, hakikisha bunduki haina risasi, toa bolti (kile chuma kinachofunga chemba kwa nyuma), ingiza fimbo ya kusafishia yenye kitambaa kilichobana, weka alama kwenye fimbo, na pima imeingia inchi ngapi mpaka alama imalize mzunguko mmoja.

Uzito wa vichwa hutajwa kwa greini, na greini moja ni gramu 0.065 hivi. Katika .308, vya 150 vinatosha kwa swala wadogo, vya 165 hadi 180 kwa wakubwa, na vya 168 au 175 vya mashindano hubaki kwenye karatasi.

Hatua ya tano: Jaribu kwa karatasi, kwa subira

Bunduki mbili zilizotoka kiwanda kimoja siku moja zinaweza kupenda risasi tofauti, na hakuna anayejua sababu kabla ya kujaribu. Nunua sanduku moja moja la aina mbili au tatu zinazofaa kazi yako, nenda renji yenye kibali, na panga asubuhi nzima kwa ajili ya kazi hii tu. Nyuma ya nyumba hapafai, hata kama kiwanja chako kiko mbali na mji: kichwa cha .22 kinaweza kwenda zaidi ya kilomita moja, na cha .308 kilomita kadhaa.

Weka karatasi mita 100. Egemeza bunduki kwenye mifuko ya mchanga mbele na nyuma, vaa kinga za masikio na miwani, na anza na risasi mbili au tatu za kuupasha mtutu uliotoka kusafishwa, ambazo hutazihesabu. Kisha piga tano za aina moja kwenye karatasi moja, ukipumzika dakika moja au mbili kati ya kila moja, kwa sababu mtutu wenye joto hutapanya. Pima kutoka katikati ya tundu moja hadi katikati ya lililo mbali nalo zaidi. Andika. Acha mtutu upoe mpaka uweze kuushika kwa kiganja bila kukunja uso, badilisha karatasi na aina, endelea. Ukimaliza zote, zirudie zote. Kundi moja zuri la matundu matatu ambalo mtu huliweka mfukoni na kuwaonyesha rafiki zake halithibitishi chochote.

Kwa mlenga shabaha, aina yenye kundi dogo zaidi ndiyo iliyoshinda. Kipimo kinachotumika sana ni dakika moja ya pembe, ambayo kwa mita 100 ni milimita 29. Bunduki ya kawaida ikipata milimita 29 kwa risasi tano, tena na tena, hiyo ni bunduki nzuri na umepata risasi yake. Ukishaipata, soma namba ya toleo la kiwanda iliyopigwa kwenye sanduku, rudi dukani na ununue ya toleo hilohilo kwa kadiri leseni na mfuko vinavyoruhusu, maana toleo jingine la risasi ileile linaweza kugonga sentimita kadhaa pembeni.

Kwa mwindaji hesabu ni nyingine. Moyo na mapafu ya swala pala vina upana wa kisahani cha chai, kama sentimita 15, na vya nyati ni sahani ya pilau ya shughuli. Risasi inayotoa kundi la sentimita 5 kwa mita 100 inatosha kabisa, kwa sababu mpigaji aliyesimama, anayehema baada ya kutembea saa mbili, akiegemea vijiti, ndiye atakayetapanya zaidi ya bunduki. Kati ya softi imara yenye kundi la sentimita 5 na ya mashindano yenye sentimita 2, sijawahi kusita.

Ninachompendekezea mwindaji ni jaribio jingine ambalo wachache hulifanya. Mnyama hapigwi na mtutu uliopashwa. Hupigwa na risasi ya kwanza ya siku. Kwa hiyo chukua karatasi moja, na kila unapokwenda renji piga risasi moja tu ya kuwindia kabla ya nyingine zote, mtutu ukiwa baridi, halafu ikunje karatasi hiyo uirudishe nyumbani. Baada ya safari tano una kundi la kweli, lenye siku tofauti, upepo tofauti na usingizi tofauti. Langu la kwanza lilikuwa na matundu manne yaliyokaa pamoja na moja lililokimbilia kushoto juu, na nilipokumbuka siku hiyo, nilikuwa nimepaka mtutu mafuta usiku na sikuyafuta.

Ukishachagua, rekebisha darubini kwa risasi hiyohiyo utakayokwenda nayo, wala usirekebishe kwa ya mazoezi ukitegemea zitagonga pamoja. Jua pia kushuka kwake: .308 iliyorekebishwa kwa mita 100 itakuwa chini kwa sentimita 12 hadi 15 kwa mita 200, na karibu nusu mita kwa mita 300. Mwindaji wa kawaida hana sababu ya kufika huko. Porini nyingi kwetu vichaka havikupi hata mita 150.

Ukifyatua na kusikia mlio dhaifu usio wa kawaida, simama. Huenda kichwa kimekwama mtutuni, na risasi inayofuata itaupasua. Na ukibonyeza kifyatulio bila mlipuko, iache bunduki imeelekea shabaha kwa nusu dakika kabla ya kufungua bolti, kwa kuwa baruti inaweza kuchelewa kuwaka.

Hatua ya sita: Zilinde na joto na hewa ya bahari

Dar es Salaam si mahali pema pa kuhifadhia kitu chochote cha shaba. Chumvi ya baharini na unyevu wa masika huweka ukungu wa kijani kwenye ganda, na anayekaa Upanga, Msasani au Kigamboni anajua hata bawaba za mlango zinavyoteseka. Weka risasi ndani ya kabati la chuma lililofungwa kwa mujibu wa masharti ya leseni, zikiwa kwenye chombo chenye mfuniko unaobana pamoja na vifuko vya kunyonya unyevu, na vifuko hivyo ubadilishe kila vinapochoka. Usizihifadhi kwenye mkanda wa ngozi. Mkanda unapendeza kiunoni, lakini dawa zilizotumika kuilainisha ngozi hula shaba, na baada ya miezi michache risasi zinanata na kugoma kuingia kwenye chemba. Risasi iliyoota kijani kidogo inaweza kufutwa kwa kitambaa kikavu. Iliyochimbika au yenye ufa kwenye shingo ya ganda haifyatuliwi, hupelekwa polisi au kwa muuzaji kwa utaratibu wao. Usipake mafuta kwenye risasi, kwani yakipenya kwenye kiwashio hukiua.

Joto nalo hubadilisha mambo. Baruti iliyopata joto huungua haraka na kuongeza shinikizo. Watengenezaji wa Uingereza wa zamani walilijua hili vizuri, na kwa bunduki zao kubwa zilizokuja Afrika na India walipunguza baruti na kuziita risasi hizo za nchi za joto. Baruti za siku hizi ni tulivu zaidi, lakini sanduku lililoachwa juu ya dashibodi kwenye foleni ya Mbagala saa nane mchana, vioo vikiwa vimefungwa, ni suala jingine. Dalili za shinikizo kubwa ni bolti kuwa ngumu kufunguka na kiwashio kuwa bapa kabisa. Ukiziona, acha kupiga mpaka risasi zipoe kivulini, na zikijirudia peleka bunduki kwa fundi.

Hatua ya saba: Siku moja kabla ya kuondoka

Jaza magazini kwa risasi zilezile utakazokwenda nazo na, ukiwa renji na mtutu umeelekea mahali salama, zipitishe zote kwenye chemba kwa mwendo wa haraka. Solidi zenye pua bapa hukwama kwenye baadhi ya bunduki, na hilo ni bora ulijue kabla nyati hajageuka. Ukiwa unapiga, toa risasi ya chini kabisa ya magazini na uitazame: teke la kaliba kubwa huzigongesha ncha laini kwenye ukuta wa mbele mpaka zikawa butu, na wakati mwingine hukisukuma kichwa kuzama ndani ya ganda. Iliyozama haifyatuliwi.

Tenganisha softi na solidi kwa namna ambayo mkono wako utajua gizani, kwa mfano softi mfuko wa kulia na solidi wa kushoto, na usibadilishe mpangilio huo katika safari nzima. Risasi za mazoezi ziache Dar. Ukirudi, hesabu maganda na risasi zilizobaki zilingane na ulizonunua, kisha andika kwa kalamu ya wino mzito juu ya sanduku: bunduki gani, toleo gani, zimebaki ngapi, na darubini ilikuwa imewekwa mita ngapi.